Usimkalishe mgonjwa kitini kwa huruma

HEBU tafakari, msomaji. Dada yako wa miaka 30, mama wa watoto wawili, anaanza kuona ukungu katika jicho moja. Baada ya wiki kadhaa ukungu unaondoka. Mwaka unaofuata miguu inamfa ganzi, anajikwaa akipanda matatu, na ikifika saa nane mchana amechoka kana kwamba amelima shamba zima peke yake. Majirani wananong'ona kuwa amerogwa. Wengine wanadai ni uvivu. Hatimaye, baada ya kupigwa picha ya ubongo, daktari anataja jina ambalo hakuna mtu nyumbani aliyewahi kulisikia: maltipo sklerosisi, au MS kwa kifupi.

Bila shaka mtafanya lile ambalo jamaa yoyote yenye upendo hufanya. Mtampokonya ufagio na ndoo ya maji. Mtamwekea kiti kivulini na kumwambia, "Wewe pumzika tu, dada. Sisi tutafanya."

Makala haya yanakuomba ufikirie tena kuhusu kiti hicho.

Kwanza, tuuelewe ugonjwa wenyewe. Waya wa umeme hufunikwa kwa plastiki ili umeme usipotee njiani. Neva za ubongo na uti wa mgongo nazo zina utando wa mafuta unaozifunika. Mtu mwenye MS, kinga ya mwili wake, ambayo kazi yake ni kupigana na viini vya maradhi, hugeuka na kuushambulia utando huo. Hapo ujumbe kutoka ubongoni hadi mguuni huchelewa au hukatika kabisa. Palipoharibika hubaki kovu, na ndiyo maana ugonjwa huu ukaitwa jina lenye maana ya makovu mengi. Daktari Mfaransa, Jean-Martin Charcot, ndiye aliyeueleza kwa kina mwaka wa 1868.

Ugonjwa huu hauambukizi na wala si laana. Ulimwenguni kuna zaidi ya watu milioni 2.8 walio nao, na wanawake ni takriban mara mbili ya wanaume. Aghalabu hugunduliwa mtu akiwa kati ya miaka 20 na 50, yaani wakati anapojenga maisha. Katika nchi zilizo karibu na ikweta kama yetu huonekana kwa nadra, lakini upo.

Sasa turudi kwenye kiti. Ushauri wa kukaa haukuanzia nyumbani kwenu. Ulitoka kwa madaktari wenyewe.

Mwaka wa 1890, daktari Mjerumani wa macho, Wilhelm Uhthoff, aligundua kuwa baadhi ya wagonjwa wake waliona vibaya zaidi baada ya kufanya kazi ya nguvu. Baadaye ilibainika kuwa chanzo kilikuwa joto la mwili. Neva iliyopoteza utando hupitisha ujumbe kwa shida zaidi mwili unapopata joto. Hata hivyo, hali hiyo ni ya muda. Mwili ukipoa, mambo hurudi yalivyokuwa, na neva haipati jeraha jipya. Lakini kwa miongo mingi wagonjwa waliambiwa wasijichoshe, eti wangeuchochea ugonjwa.

Mmoja wa walioambiwa hivyo ni Mmarekani Jimmie Heuga. Unamkumbuka Philip Boit, Mkenya aliyeshangaza wengi kwa kwenda kuteleza thelujini katika Olimpiki ya majira ya baridi mjini Nagano, Japani, mwaka wa 1998? Heuga naye alikuwa mtu wa theluji, ila yeye alishindana katika mbio za kuteremka mlimani. Mnamo Februari 8, 1964, mjini Innsbruck, Austria, alishinda medali ya shaba akiwa na umri wa miaka 20.

Mwaka wa 1970 akapatikana na MS. Madaktari walimshauri aepuke kujichosha, naye akatii. Matokeo yake ni kwamba mwili ulizidi kudhoofika na moyo ukavunjika. Baada ya miaka kadhaa aliamua kujipangia mazoezi yake mwenyewe, si yale ya bingwa wa Olimpiki bali yale ambayo mwili wake uliweza. Alipata nafuu ya mwili na ya roho. Mnamo 1984 alianzisha kituo katika jimbo la Colorado cha kuwafunza wenzake waliougua MS, pamoja na jamaa zao, namna ya kuishi hivyo.

Tusidanganyane, msomaji. Mazoezi hayakumponya. Miaka yake ya mwisho alitumia kiti cha magurudumu. Alifariki Februari 8, 2010, miaka 46 kamili tangu siku ya medali yake. Lakini alikuwa ameishi miaka 40 na ugonjwa huo, mingi ya hiyo akiwa kazini.

Sayansi nayo ilimuunga mkono. Mwaka wa 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walichapisha matokeo ya utafiti wao kuhusu wagonjwa 54. Kundi moja lilizungusha baiskeli ya mazoezi kwa mikono na miguu, dakika 40 kila mara, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 15. Kundi la pili liliendelea na maisha bila mazoezi hayo. Waliofanya mazoezi walipata pumzi zaidi, mikono na miguu ikaongezeka nguvu, na hata huzuni na hasira zikapungua.

Sababu si ngumu kuielewa. Mgonjwa anayekalishwa hubeba udhaifu wa aina mbili: ule wa neva, na ule wa misuli iliyokosa kazi. Ule wa kwanza ni wa daktari na dawa zake. Ule wa pili mnaweza kuupunguza nyumbani.

Basi mazoezi yafanywe vipi? Aanze kwa kumuona daktari, na ikiwezekana mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kwa kuwa hakuna wagonjwa wawili wa MS walio sawa. Wataalamu wa Kanada walipendekeza mwaka wa 2013 kuwa mwenye ulemavu mdogo au wa wastani alenge dakika 30 za mazoezi ya kiasi mara mbili kwa wiki, na mazoezi ya kutia misuli nguvu mara mbili pia. Asiyeweza dakika 30 aanze na tano, apumzike, kisha aongeze tano.

Huhitaji kulipia klabu ya mazoezi. Kiti kilekile cha kivulini kinatosha, mradi kiwe imara na kiegemezwe ukutani. Aketi na kuinuka mara tano, polepole. Akiwa ameketi, ainue magoti kwa zamu kama askari anayepiga gwaride. Ashike ukingo wa sinki na kuinua visigino. Anyooshe misuli ya miguu iliyokakamaa bila kuivuta kwa ghafla. Awepo mtu karibu, na mkeka unaoteleza uondolewe.

Joto lisisahaulike. Afanye mazoezi alfajiri au jioni, hasa kama mnaishi Mombasa au Kisumu. Awe na maji baridi ya kunywa na kitambaa kibichi cha kuweka shingoni. Wengine hujinyima maji kwa kuogopa kukimbilia msalani, kwani MS husumbua kibofu pia. Hilo ni kosa, kwa sababu mkojo mzito hukikera kibofu zaidi.

Macho yakififia au miguu ikilegea wakati wa mazoezi, asimame na ajipoze. Dalili hizo zikiondoka baada ya mapumziko, hakuna la kuhofia. Lakini dalili mpya ikidumu zaidi ya saa 24, aache mazoezi na amuone daktari bila kuchelewa. Na dawa alizoandikiwa asiziache hata siku moja kwa sababu anahisi nafuu.

Kuhusu uchovu, uaminini. Uchovu wa MS si uvivu, na hauondoki kwa usingizi wa usiku mmoja tu. Mgonjwa agawe kazi zake: nguo chache leo na nyingine kesho, mboga azikate akiwa ameketi. Kazi ngumu azifanye saa ambazo ana nguvu.

Nanyi jamaa zake, jifunzeni kungoja. Inauma kumtazama mpendwa wako akichukua dakika tatu kufunga vifungo ambavyo wewe ungevifunga kwa sekunde kumi. Lakini kila unachomfanyia bila kuombwa unakiondoa mikononi mwake, na mikono isiyotumika husahau kazi. Badala ya kumwambia apumzike, muulize, "Leo tufanye lipi pamoja?" Kisha vaa viatu, mpe mkono, mtembee hadi langoni na kurudi. Kesho, Mungu akipenda, mtafika dukani.