Kabla ya Kukodi Basi la Sagana

Swali huja bajeti ya mafunzo ikikaribia kuisha muda wake na bado ina masalio. Meneja wa sacco mjini Nyeri, mwenye shule ya kibinafsi Karatina, msimamizi wa hoteli Nanyuki: kila mmoja humpigia mtaalamu wa masuala ya wafanyakazi amwulize awapeleke watu wake wapi. Sagana, wakashindane na maporomoko ya Mto Tana kwa mashua za mpira? Ngare Ndare, wakapite kwenye daraja linaloning'inia kati ya miti? Au Naro Moru, walale usiku mmoja, waletewe mhamasishaji wa kuwachangamsha? Wafanyakazi wamepoa, meneja anaeleza. Wanaingia kwa saa, wanatoka kwa saa, na hakuna anayejali.

Swali hilo limekosewa tangu mwanzo. Linauliza dawa inauzwa wapi kabla mtu hajapimwa.

Imani iliyo nyuma yake ni kwamba wafanyakazi hukosa moyo wa kazi kwa sababu hawajazoeana: hawajavuta kamba pamoja, hawajacheka pamoja, hawajaonana wakiwa wamelowa. Lakini karani aliyekaa kaunta moja na mwenzake miaka sita anamjua vya kutosha. Anajua mtoto wake alifanya mtihani lini na mama yake anatibiwa wapi. Asichojua ni kwa nini ombi lake la likizo halijajibiwa tangu Agosti, kwa nini aliyeajiriwa jana analipwa kumzidi, na ni nani aliyeamua kwamba Jumamosi sasa ni siku nzima ya kazi. Hayo hayajibiwi na Mto Tana.

Tena jambo hili limepimwa. Mwaka 1999 Eduardo Salas na wenzake walikusanya tafiti zilizokuwepo kuhusu mafunzo ya kujenga timu, wakatafuta kama yanaongeza utendaji. Kwa ujumla hawakuona athari ya maana. Kipengele kimoja tu kilisaidia, nacho ni kuwafafanulia watu nani anawajibika kwa lipi. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2009, ambao Salas pia alishiriki, ulikuwa na habari njema zaidi: mafunzo hayo yanasaidia, hasa katika jinsi watu wanavyojisikia na wanavyoshirikiana. Ila vipengele vilivyoongoza vilikuwa kuweka malengo na, kwa mara nyingine, kufafanua majukumu. Kazi hizo mbili zinafanyika ofisini, Jumatatu asubuhi, bila jaketi la kuelea.

Mhamasishaji anastahili kukemewa zaidi. Anapowaambia watu wabadili mtazamo, anahamisha lawama kutoka kwa mwenye mamlaka na kumbebesha asiye nayo. Mwaka 2024 William Fleming wa Chuo Kikuu cha Oxford alichapisha uchunguzi wa wafanyakazi 46,336 katika mashirika 233 ya Uingereza. Waliopewa mafunzo ya ustahimilivu, ya kudhibiti msongo na mengine ya aina hiyo hawakuonekana kuwa na hali bora kuliko wenzao ambao hawakushiriki. Kati ya yote aliyoyachunguza, ni nafasi za kujitolea tu zilizoonyesha dalili ya manufaa. Mhamasishaji wa saa mbili mjini Nanyuki atafanya muujiza gani?

Ajabu ni kwamba William Kahn, aliyeiweka mada ya moyo wa kazi kwenye ramani ya wasomi mwaka 1990, alianzia kwenye kambi ya likizo. Aliwachunguza walezi wa vijana kambini, pamoja na wafanyakazi wa kampuni ya wasanifu majengo, ili aone ni lini mtu anaitia nafsi yake kazini na ni lini anaiondoa. Alipata masharti matatu. Kazi iwe na maana machoni pa anayeifanya. Aweze kusema bila kuogopa kuumizwa kwa alichosema. Na abakiwe na nguvu za mwili na akili za kuifanya. Hata kambini, furaha ya kambi haikuwa miongoni mwa masharti.

Sharti la pili ndilo linaloua mahali pengi pa kazi hapa mlimani. Ukitaka kuliona, nenda kiwanda cha ushirika wa kahawa, Othaya au Mathira, msimu ukiwa umepamba moto. Matunda huletwa mchana na hayalali. Humenywa jioni hiyo hiyo, mara nyingi hadi usiku. Kahawa ikiingia kwenye matangi ya kuchachusha, kuna mtu anayepaswa kuichota na kuisugua kiganjani ili ajue kama ute umeachia. Ikikwaruza, ioshwe. Ikiachwa kupita kiasi, ladha inaharibika, na hasara humfikia kila mkulima aliyeleta kilo zake. Mfanyakazi huyo wa usiku anajua kitu ambacho meneja aliye kitandani hakijui. Je, atampigia simu saa tisa usiku? Ikiwa mara ya mwisho alifokewa kwa kumwamsha, hatapiga. Hapo ndipo moyo wa kazi unapopimwa, na hakuna mchezo wa kuvuta kamba unaoweza kulipia kufokewa kule.

Aliyelielewa hili vizuri ni mzaliwa wa Ihithe, Tetu: Wangari Maathai. Juni 5, 1977, kundi lake lilipanda miti saba kwa sherehe katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, na mingi ya hiyo ikakauka. Kilichofanikiwa baadaye hakikuwa sherehe kubwa zaidi. Maelekezo ya wataalamu wa misitu yalipowatatiza wanawake wa vijijini, aliwaambia watumie ujuzi wao wa shamba. Vikundi vilipewa jukumu lililoeleweka, miche ilifuatiliwa baada ya kupandwa, na malipo madogo yalitolewa kwa ile iliyoshika. Kufikia alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004, vuguvugu lake la upandaji miti lilikuwa limepanda miti zaidi ya milioni 30. Wanawake wale hawakuwa waajiriwa. Meneja mwenye waajiriwa hana kisingizio.

Basi pesa na muda viende wapi? Lipa tarehe uliyoahidi, na hati ya malipo ionyeshe kila makato, kama Sheria ya Ajira ya 2007 inavyotaka. Siku 21 za likizo zipangwe kwa maandishi mwanzoni mwa mwaka. Kila mtu aandikiwe majukumu yake katika ukurasa mmoja, ayasome mbele ya msimamizi wake, wasahihishe pamoja. Dakika 15 kila wiki kwa kila zamu, swali moja: nini kimewakwamisha? Jibu litolewe kabla ya wiki inayofuata, hata likiwa hapana, na sababu itajwe. Penye wafanyakazi 20 au zaidi, kamati ya usalama si hiari. Iundwe na isikilizwe. Kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa kosa, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinataka aelezwe sababu na asikilizwe, akiwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama. Bajeti ya mafunzo ielekezwe kwa wasimamizi wa zamu, maana wengi walipandishwa kwa sababu ya uhodari wao kwenye mashine au kaunta, na hakuna aliyewahi kuwafundisha kupokea habari mbaya bila kufoka.