Je, Wajua? Jenerali China alifunzwa vita na Waingereza wenyewe

Kabla ya kuongoza wapiganaji wa Mau Mau eneo la Mlima Kenya, Waruhiu Itote, maarufu kama Jenerali China, alikuwa askari wa keya, jeshi la Waingereza la Waafrika (KAR). Alijiunga mwaka 1942, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mwaka uleule ambao Singapore, ngome ambayo Waingereza walijigamba kuwa haiingiliki, ilitekwa na Wajapani. Akapelekwa Burma. Huko alijifunza kupigana msituni, lakini kilichomgeuza zaidi ni mazungumzo. Katika kumbukumbu zake anasimulia jinsi mwanajeshi Mwingereza alivyomhoji: mimi napigania nchi yangu, wewe je? Na jirani tu, Wahindi walikuwa wakidai uhuru wao waziwazi.

Vita viliisha 1945. Wazungu waliotoka jeshini walitengewa mashamba Kenya kwa mpango maalumu wa serikali. Na Mwafrika aliyepigana vita hivyohivyo? Alirudi kwenye kipande shingoni, kile kitambulisho cha lazima cha mfanyakazi Mwafrika.

Itote akaingia msituni na Mau Mau. Alikamatwa Januari 1954 akiwa na majeraha, akahukumiwa kifo, akanusurika. Akafungwa katika gereza la Lokitaung pamoja na Jomo Kenyatta, ambaye ndiye aliyemfundisha Kiingereza.