Kilimanjaro: Kuhesabu Wageni Hakutoshi

Ukifika geti la Machame asubuhi wakati wa kiangazi, utakuta wageni wanaandikishwa ofisini huku wagumu, kama wapagazi wa mlima huu wanavyoitwa, wakisubiri zamu yao kwenye mzani. Mzigo ukizidi kilo 20 unafunguliwa na kupunguzwa. Huko juu kila kambi ina daftari lake: jina, uraia, kampuni, kiongozi wa msafara. Hifadhi inajua nani yuko mlimani na usiku huo analala wapi.

Swali gumu ni mlima wenyewe unabaki na hali gani baada ya watu hao kupita.

Kwa miaka mingi wahifadhi waliamini kwamba kila eneo lina idadi yake ya wageni, na kwamba uharibifu huanza pale tu idadi hiyo inapopitwa. Utafiti umeonyesha vingine. Kwenye ardhi isiyowahi kukanyagwa, nyayo za mwanzo ndizo zinazoua mimea na kushindilia udongo. Njia ikishachimbika, anayekuja baadaye huongeza madhara kidogo tu. Mwaka 1985 watafiti wa Idara ya Misitu ya Marekani, miongoni mwao George Stankey na David Cole, walipendekeza utaratibu mwingine: amueni kwanza ni mabadiliko kiasi gani mnayoweza kuyakubali, kisha pimeni. Upana wa njia upimwe mahali palepale kila mwaka. Eneo la kambi lililobaki vumbi tupu lipimwe pia. Kipimo kikivuka mpaka, hatua zichukuliwe, hata kama idadi ya wageni haijaongezeka.

Kilimanjaro inahitaji sana fikra hiyo, kwa sababu ya jinsi njia zake zilivyopangika. Machame, Lemosho na Umbwe zinaanzia mbalimbali, lakini wapandaji wake wengi hukutana kambi ya Barranco, wakaenda pamoja kambi za Karanga na Barafu, kisha wakateremkia njia ya Mweka. Ukiwahamishia wageni Lemosho kwa nia ya kuipumzisha Machame, umewachelewesha tu. Watakutana na wenzao kwenye ukuta uleule wa Barranco, mahali ambapo watu hushika mwamba kwa mikono na kupanda kwa mstari mmoja. Kufungua njia mpya nako si dawa, maana ni kukanyaga ardhi ambayo bado ni nzima, katika miinuko ambako mimea hukua polepole mno. Njia ya Marangu ina nafuu moja: wageni wake hulala vibandani, na vitanda vikijaa vimejaa. Njia za mahema hazina breki ya namna hiyo.

Kuna hesabu nyingine inayosahaulika. Mgeni mmoja hufuatana na watu watatu, wanne au zaidi: kiongozi, mpishi, wagumu. Wengi wa wanaolala kambini, wanaotumia vyoo na maji, si watalii. Moto uliowaka mlimani humu Oktoba 2020, uliochukua zaidi ya wiki kuzimwa, ulielezwa na mamlaka katika taarifa za awali kuwa ulitokana na wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni eneo la Whona. Kumlaumu mgumu ni rahisi. Lakini mtu aliyebeba kilo 20 toka asubuhi, ambaye lazima awe na chakula tayari mgeni anapofika, anahitaji jiko salama na mahali palipotengwa pa kuliwashia. Kumtengenezea mahali hapo ni kazi ya uhifadhi kamili.

Kwa hiyo nawaomba wanaopanga safari za mlima huu: nafasi za kuanza safari kila siku zigawiwe kwa kutazama Barranco na Barafu zinabeba watu wangapi, si geti linaweza kuandikisha wangapi. Na vyoo, maji na majiko ya kambini yapangwe kwa idadi ya watu wote wanaolala pale, mgumu akiwa wa kwanza kuhesabiwa.