Fahamu: Haki za waliofungwa kwa kudai uhuru kwa amani

Kudai uhuru bila silaha ni haki. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948 linalinda maoni na mikutano ya amani, na linakataza kumkamata mtu kiholela. Tanganyika, zaidi ya hayo, ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na Uingereza ilikabidhiwa kuiandaa ijitawale. Kumwadhibu aliyeudai uhuru huo ilikuwa dhuluma ya wazi.

Usukumani, Misungwi ikiwemo, mkono wa serikali ulikuwa mzito. Chama cha TANU, kilichodai uhuru, kilinyimwa usajili Jimbo la Ziwa mwaka 1954, na zuio likadumu hadi 1958. Mwaka huo wa 1958 wananchi wa Geita, waliopinga baraza la mseto wa rangi lililoletwa na serikali, walikwenda Mwanza kulalamika. Wakatawanywa kwa mabomu ya machozi. Julius Nyerere, kiongozi wa TANU, naye alishtakiwa kwa makala ya jarida la Sauti ya TANU iliyowalaumu wakuu wa wilaya wawili. Hukumu: faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi 6. Faini ikalipwa.

Anayefungwa kwa kudai uhuru kwa amani anastahili wakili, hakimu asiyeegemea upande, kuonana na ndugu zake na kutoteswa. Kubwa kuliko yote, anastahili kuachiwa bila masharti. Msamaha unaomtaka kwanza aukane msimamo wake haujamrudishia haki.