Paka, Nyama na Nzi

Mama mpenzi, wewe uliyejaza ghala mahindi na mbaazi huko Babati, askari wako wa panya ni paka. Je, askari huyo wamlisha nini? Wengi humtupia utumbo wa buchani au kichwa cha kambare wa ziwani, kikalala chini kutwa nzima. Nzi hawakawii! Hutaga mayai juu yake. Siku moja tu funza hutoka, na yakipita majuma mawili hivi ni nzi kamili. Hao hao hutua machoni pa watoto wakieneza trakoma, ugonjwa upofushao, na juu ya ugali wakileta kuhara.

Basi tumpe ugali mtupu? La! Paka si mbuzi. Akikosa nyama na samaki kwa muda mrefu huweza kupofuka. Mpe dagaa wakavu kidogo, katika kigae, jioni nzi wakiisha kulala. Sisimizi wakija, weka kigae katikati ya sahani yenye maji. Nyama mbichi mpe ile atakayoimaliza palepale, na masalio uyafukie. Wala usimnyime ukidhani njaa ndiyo imfundishayo kuwinda: paka aliyeshiba hukamata panya vilevile.