Programu ya Kompyuta na Mkufunzi katika Uandishi wa Kitaaluma

Mwanafunzi wa Thika au Ruiru aandikapo insha kwa kompyuta, programu ya tahajia humwonyesha neno lililoendelezwa vibaya. Lakini sentensi "Tatizo hizi linatokana na umaskini" yaweza kupita, kwani kila neno, likitazamwa peke yake, ni sahihi; kosa limo katika upatanisho wa kisarufi. Programu za kisasa zaweza kurekebisha hata hilo, na kuiandika upya aya nzima. Hapo ndipo penye hatari: lugha husafishwa, hoja ikabaki bila ushahidi. Mkufunzi aketiye na mwanafunzi humwuliza, "Umelijuaje hili?" Swali hilo humlazimu kufikiri. Hivyo basi, katika vyuo vikuu kama Mount Kenya, Thika, na Zetech, Ruiru, yafaa mashine ikabidhiwe tahajia, na hoja aachiwe mkufunzi.