Uharamia na Uhalifu wa Baharini: Mambo ya Kujua kwa Wavuvi na Manahodha wa Lamu

Mwezi Machi 2024, meli ya mizigo ya Bangladesh, MV Abdullah, ilitekwa na maharamia wa Kisomali katika Bahari Hindi ikiwa safarini kutoka Maputo kuelekea Falme za Kiarabu. Mabaharia wake 23 walizuiliwa kwa takriban mwezi mmoja. Meli nyingine, MV Ruen, ilikuwa imetekwa Desemba 2023 na ikakombolewa na Jeshi la Wanamaji la India miezi mitatu baadaye. Haya yalijiri baada ya mashirika ya usafiri wa meli kuiondoa Bahari Hindi katika orodha ya maeneo ya hatari kubwa tarehe 1 Januari 2023. Kwa kaunti inayopakana na Somalia, funzo ni wazi: uharamia ulipungua, lakini haukuisha.

UHARAMIA NI NINI KISHERIA?

Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Sheria ya Bahari wa 1982 unaeleza uharamia kuwa ni kitendo cha kutumia nguvu, kuteka au kupora, kinachofanywa na watu wa chombo kimoja dhidi ya chombo kingine kwa manufaa yao binafsi, nje ya maji ya nchi yoyote. Maji ya nchi huishia maili 12 za baharini, yaani kama kilomita 22 kutoka ufukweni. Ndani ya mpaka huo kosa huitwa wizi wa mabavu baharini, na ni juu ya nchi husika kulishughulikia. Nje ya mpaka huo, nchi yoyote inaweza kumkamata haramia na kumshtaki.

Nchini Kenya, Sheria ya Usafiri wa Meli za Biashara ya mwaka 2009 inatoa adhabu ya hadi kifungo cha maisha kwa kosa la uharamia. Mahakama maalum ya kesi hizi ilifunguliwa Shimo la Tewa, Mombasa, mwaka 2010. Mwaka 2012 Mahakama ya Rufaa iliamua kuwa mahakama za Kenya zina uwezo wa kuwahukumu maharamia hata kama kosa lilitendeka bahari kuu.

KWA NINI JAMBO HILI LINAMHUSU MWANANCHI?

Meli ya MV Faina, iliyotekwa Septemba 2008 ikiwa na vifaru 33, na Maersk Alabama, iliyovamiwa Aprili 2009 ikiwa na chakula cha msaada, zote zilikuwa zikielekea Mombasa. Njia ikiwa ya hatari, bima ya meli hupanda, nauli ya mizigo hupanda, na mwishowe gharama humfikia anayenunua unga wa ngano au mafuta ya kupikia dukani.

Hapa Lamu hasara ilikuja kwa njia nyingine pia. Baada ya wageni kutekwa nyara visiwani mwaka 2011, utalii ulidorora na uvuvi wa usiku ukapigwa marufuku kwa miaka kadhaa. Mvuvi hufuata maji, hafuati saa ya ukutani; kumzuia usiku ni kumnyima sehemu kubwa ya riziki yake. Kwa hivyo usalama wa bahari na kipato cha mvuvi ni jambo moja.

JAHAZI LAWEZA KUWA CHOMBO CHA MHALIFU

Maharamia wengi huanza na boti ndogo za mwendo kasi. Ili wafike mbali, huteka jahazi au meli ya uvuvi na kuigeuza kituo chao cha kubebea mafuta, chakula na silaha. Hivyo mvuvi mara nyingi ndiye mwathiriwa wa kwanza, kabla ya meli kubwa.

Majahazi hutumiwa pia kusafirisha dawa za kulevya. Aprili 2014, manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilinasa kilo 1,032 za heroini katika jahazi moja nje ya pwani ya Kenya.

NANI ANA WAJIBU GANI?

Ulinzi wa bahari ni jukumu la Serikali Kuu kupitia Jeshi la Wanamaji na Walinzi wa Pwani, kikosi kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2018. Halmashauri ya Usafiri wa Baharini husimamia usalama wa vyombo, na kituo cha kuratibu uokoaji kiko Mombasa. Serikali za kaunti, chini ya Katiba, zina jukumu la uvuvi. Kiungo kati ya pande hizi ni vikundi vya usimamizi wa fuo, BMU.

MVUVI NA NAHODHA WAFANYE NINI?

1. Sajili chombo chako, na namba yake ionekane kwa mbali.

2. Kabla ya kutweka, iambie BMU unakokwenda, mko wangapi na mnarudi lini.

3. Ukiwa na redio ya VHF, iache wazi kwenye chaneli 16, ambayo ni ya dharura. Penye mtandao wa simu, piga 999 au 112.

4. Ukiona boti ngeni isiyo na nyavu wala mishipi, yenye mapipa mengi ya mafuta au ngazi ndefu za kulabu, usiisogelee. Kumbuka saa, rangi, idadi ya watu na upande ilikoelekea, kisha toa taarifa.

5. Ukikutana na doria, punguza mwendo, mikono ionekane, na uonyeshe leseni.

6. Usikubali kubeba mzigo uliofungwa usioujua, hata ukiahidiwa nauli nono.

7. Ukivamiwa na watu wenye silaha, usipigane. Boti hununuliwa tena, uhai haununuliwi.

Wapo wanaoona jambo baharini wakanyamaza, kwa hofu ya kugeuzwa washukiwa. Hofu hiyo huondoka pale ambapo chombo kimesajiliwa, safari inajulikana kwa BMU, na afisa anayepokea habari anamheshimu aliyeileta. Vijana wetu nao waelezwe mapema: anayetoa pesa nyingi kwa safari ya usiku mmoja hataonekana siku ya kesi. Atakayesimama kizimbani ni aliyeshika usukani.